Kujitengenezea gitaa la umeme nyumbani: je, nipande nalo jukwaani kwenye mashindano ya bendi za ridhaa?

Ridhimu wa Mbagala aliuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa muziki na wa useremala, nawasalimu nyote.

Mimi ni mpiga gitaa la ridhimu katika bendi ya ridhaa ya hapa Mbagala. Kila mmoja wetu ana kazi yake ya kumpatia riziki, na muziki tunaufanya jioni na mwisho wa wiki kwa mapenzi tu. Mwaka huu tumejiandikisha katika mashindano ya bendi za ridhaa: mchujo utafanyika hapa Dar es Salaam mwezi wa Julai, na zitakazofuzu zitakwenda Dodoma mwezi wa Septemba. Tunapiga dansi, nyimbo za kutunga wenyewe, zenye magitaa mawili, besi, ngoma, na waimbaji watatu.

Gitaa ninalotumia sasa ni la kuazima, na mwenyewe ameniruhusu kuwa nalo hadi mashindano yaishe. Hata hivyo, kwa muda mrefu nimekuwa na nia ya kutengeneza la kwangu, na safari hii nimeanza. Nyumbani kulikuwa na kitanda cha mninga cha zamani sana kilichovunjwa, na kutokana na ubao wa kichwani mwake nimepata kipande kinachotosha mwili wa gitaa bila kuunganisha. Shingo bado sijaianza. Nafikiria kuichonga kwa mninga huo huo na kuibandika ubao wa mpingo wa kubebea freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ili kupata kila noti, kwa kuwa kuna mchongaji wa Mwenge ambaye yuko tayari kuniuzia kipande. Urefu wa uzi kutoka kizingitini (mwanzo wa shingo, karibu na funguo) hadi kwenye daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini) niliouchagua ni milimita 648, kwa sababu ndio urefu ambao mkono wangu umeuzoea. Vifaa vyangu ni randa, msumeno wa mkono, keekee ya umeme, patasi, tupa na jiliwa. Sina rauta, ile mashine ya kuchimbia mifereji na mashimo kwenye mbao.

Bendi ina pia gitaa la zamani ambalo mwili wake ulipasuka, lakini shingo, freti na funguo zake za kukazia nyuzi ni nzima, nalo limewekwa kando.

Naomba ushauri kuhusu mbao nilizozitaja na kuhusu namna ya kupanga freti ili noti zisikosee. Swali linaloninyima usingizi, hata hivyo, ni hili: je, ni busara kupanda jukwaani katika mashindano na gitaa nililolitengeneza mimi mwenyewe, au nilikamilishe taratibu na kuendelea na lile la kuazima? Wenzangu wamegawanyika, na sitaki uamuzi wangu uwaangushe.

---

Seremala wa Keko alijibu:

Mdogo wangu, salaam. Nimefanya useremala wa samani hapa Keko kwa muda mrefu, na wanamuziki wamekuwa wakiniletea shingo za magitaa zilizovunjika ili nizitengeneze upya. Nitazungumzia mbao, na mambo ya jukwaani nitawaachia wenye jukwaa.

Mninga ni chaguo zuri sana, hasa huo wa kitanda cha zamani. Sifa yake kubwa kwa kazi hii ni kwamba hausinyai wala kuvimba sana hali ya hewa inapobadilika, na ukikauka vizuri haupindi ovyo. Uzito wake ni wa kadiri, kilo mia sita na kitu kwa mita moja ya ujazo, hivyo mwili hautakuumiza bega. Ubao ambao umekaa ndani ya nyumba miaka mingi umekwisha kutulia, jambo ambalo huwezi kulipata kwa mbao mpya ya dukani inayosemekana kuwa kavu huku ikiwa imekatwa juzi tu.

Lakini sikiliza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Ukavu wa mbao unategemea mahali ilipo. Hapa kwetu pwani unyevu wa hewa kwa sehemu kubwa ya mwaka uko juu ya asilimia 70, na mbao iliyokaa katika hewa hiyo hubaki na maji yanayokaribia asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu. Wewe unasema fainali ni Dodoma mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi. Kule mbao hiyo hiyo itaanza kupoteza maji. Shingo itasinyaa kidogo kwa upana wake, lakini freti ni chuma na hazisinyai, kwa hiyo ncha zake zitajitokeza pembeni na kukukwaruza kiganja kila unapotelezesha mkono. Shingo yenyewe inaweza pia kubadilisha mkunjo wake, na nyuzi zilizokuwa na nafasi nzuri Mbagala zikaanza kugonga freti.

Kwa sababu hiyo, kipande cha shingo usikichonge siku unayokipasua. Kipasue kikiwa kinene kuliko unavyohitaji, kiweke kwenye sanduku lililofungwa lenye taa ndogo ya kutoa joto, na kila wiki ukipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali. Uzito ukiacha kushuka, kimefika mahali pake. Ndipo ukichonge, na ukimaliza ukipake vanishi pande zote pamoja na ncha, kwa maana maji huingia na kutoka haraka zaidi kupitia nchani. Vanishi haizuii unyevu kabisa, ila huchelewesha mabadiliko, na kucheleweshwa huko kunatosha kwa safari ya siku chache.

Nyuzi za mbao katika shingo ziwe zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipata kipande chenye nyuzi zinazokimbilia pembeni, kiache, hata kama rangi yake inapendeza. Ni afadhali upasue vipande vitatu vyembamba, ukigeuze cha katikati kielekee upande wa pili, kisha uvigundishe pamoja, kwa sababu kimoja kikitaka kupinda vingine humzuia mwenzao. Kichwa cha shingo ukiache sambamba badala ya kukilaza nyuma. Utaokoa mbao na utaepuka sehemu dhaifu ambayo huvunjika gitaa linapoanguka.

Ndani ya shingo lazima pawe na chuma cha kurekebishia mkunjo, chenye uzi wa nati mwishoni, kilicholala katika mfereji chini ya ubao wa freti. Usifikirie kutumia kipande cha nondo kisichorekebika. Seti ya kawaida ya nyuzi za gitaa la umeme inayoanzia 010, yaani uzi mwembamba zaidi ukiwa na unene wa inchi 0.010, huvuta kwa jumla kilo 46 hivi zikiwa zimekazwa katika noti zake, ambazo ni karibu sawa na mfuko wa saruji unaoning'inia mwishoni mwa shingo usiku na mchana. Hakuna mti utakaokataa kupinda chini ya mzigo huo kwa miaka mingi bila msaada wa chuma.

Kuhusu mpingo, naupenda na najua kwa nini umeutamani. Ni mti wetu wa taifa, una uzito wa kilo 1,200 hivi kwa mita ya ujazo, huzama majini, na ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya zinazojulikana kama klarineti na oboe. Freti ukizipigilia humo haziyumbi. Lakini kwa kazi yako ya kwanza una shida tatu. Mpingo hukauka polepole mno, na wachongaji wengi wa vinyago hufurahia mti ambao haujakauka kabisa kwa sababu huchongeka kwa urahisi. Kipande cha namna hiyo kitapasuka baada ya kukibandika. Pili, mti wenyewe hukua ukiwa umejipinda, na kupata urefu wa sentimita 50 ulionyooka si jambo la kila siku. Tatu, utaua makali ya msumeno na tupa zako zote. Ukiamua kuutumia, ununue kwa mtu mwenye vibali na akupe risiti, uupanguse kwa spiriti kabla ya kupaka gundi kwa kuwa una mafuta, na ujue kwamba tangu Januari 2017 jamii yake yote imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti. Mimi ningekushauri ubao wa freti uwe wa mkongo. Ni mgumu, umetulia, na mabaki yake hupatikana katika karakana zinazotengeneza milango.

Tafadhali vaa barakoa unapopiga msasa. Vumbi la mninga huwakera watu wengi puani na kifuani, na kama katika nyumba hiyo anaishi mmoja wa waimbaji wenu, mwondoe mahali pa kazi kabisa.

---

Mwalimu wa Hisabati, Kinondoni, alijibu:

Ndugu Ridhimu, suala la freti ni la hesabu safi, na halihitaji sikio.

Kila freti hupandisha sauti kwa nusu toni, na freti 12 hukamilisha oktava, ambayo hupatikana uzi unapokuwa nusu ya urefu wake. Kwa hiyo kila hatua hugawanya urefu uliobaki kwa namba ile ile, ambayo ni kipeuo cha kumi na mbili cha 2 (yaani namba ambayo kumi na mbili zake zikizidishwa pamoja hutoa 2), takriban 1.05946. Kwa vitendo, chukua urefu uliobaki, ugawanye kwa 17.817, na jibu ndio umbali wa freti inayofuata. Kwa urefu wako wa milimita 648, freti ya kwanza itakuwa milimita 36.37 kutoka kizingitini, ya pili 70.70, ya tano 162.55, ya saba 215.51, na ya kumi na mbili 324 kamili.

Wapo mafundi watakaokuambia ugawanye kwa 18, na kanuni hiyo ni ya zamani: Vincenzo Galilei, baba yake mwanasayansi Galileo, alipendekeza uwiano wa 18 kwa 17 mnamo 1581. Ukiufuata kwenye gitaa lako, freti ya 12 itaangukia milimita 321.6, yaani zaidi ya milimita mbili kabla ya mahali pake, na kila mwenye sikio ataisikia. Tumia 17.817.

Jambo lenye uzito kuliko hesabu yenyewe ni namna ya kupima. Usipime kutoka freti moja hadi inayofuata, kwa sababu kosa dogo la penseli litaongezeka kila hatua na kufika freti ya ishirini likiwa kubwa. Laza rula ya chuma mara moja, uifunge isisogee, kisha uweke alama zote kwa kupima kutoka kizingitini, ukitumia ncha ya kisu badala ya penseli. Mfereji wa freti uwe na upana wa milimita 0.6 hivi, msumeno wako wa kawaida ni mnene mno, kwa hiyo tafuta ule mwembamba wenye mgongo wa chuma na ujaribu kwenye kipande cha mabaki kwanza.

Kuna jambo moja ambalo hesabu haikuonyeshi. Unapobonyeza uzi unaunyoosha kidogo, na noti hupanda. Ndiyo maana daraja huwekwa milimita mbili au tatu nyuma ya alama ya 648, zaidi kwa nyuzi nene na kidogo kwa nyuzi nyembamba. Nunua daraja ambalo kila uzi una kisahani chake cha kusogeza kwa skrubu, kisha linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya uzi ulioguswa tu mahali hapo hapo. Ikiwa iliyobonyezwa iko juu, sogeza kisahani nyuma.

---

Solo wa Magomeni alijibu:

Kijana wangu, nimesoma swali lako kwa furaha, na ninakupongeza kwa moyo huo. Nimepiga gitaa la solo katika kumbi za mji huu tangu ujana wangu, kwa hiyo nitakujibu upande wa jukwaa, na jibu langu litakuwa la moja kwa moja: gitaa lote jipya usipande nalo jukwaani mwezi wa Julai.

Nina sababu yangu. Wewe ni mpiga ridhimu. Katika dansi yetu, iwe ni ya Msondo, ambayo ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964 na ikapitia majina ya JUWATA na OTTU, au ya Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, magitaa hayashindani bali yanapokezana nafasi. Solo linaruka juu, besi linatembea chini, na ridhimu ndiyo inayowaonyesha wote wawili njia ilipo. Wimbo ukiingia kwenye chemko, waimbaji wakanyamaza na wachezaji wakaanza kazi yao, ridhimu inarudia mzunguko ule ule mara nyingi sana bila kupumzika. Solo likitoka kwenye sauti yake kwa noti mbili, msikilizaji anaweza kudhani ni madoido. Ridhimu ikitoka, bendi nzima inaonekana haijui kupiga, na majaji hawatauliza ni nani aliyechonga shingo.

Gitaa jipya hutoka kwenye sauti yake kwa sababu ambazo fundi hawezi kuzimaliza mezani. Nyuzi mpya bado zinanyooka. Shingo ambayo haijawahi kubeba mzigo wa nyuzi inajikunja polepole kwa wiki kadhaa, na kila ikijikunja inakulazimu urekebishe chuma cha ndani kwa robo ya mzunguko, usubiri hadi kesho yake, upime tena. Mafundi magari wana vipimo vyembamba vya bati vya kupimia nafasi za vali. Nunua seti moja pale Gerezani, bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho, na upime nafasi iliyopo juu ya freti ya saba au ya nane. Milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha kwa mpigaji wa ridhimu anayekung'uta kwa nguvu. Mikwaruzo kwenye kizingiti ambamo nyuzi hupita ikiwa myembamba kidogo tu, uzi utanasa humo, nawe utakuwa unakaza funguo bila noti kusogea, halafu inaruka ghafla katikati ya wimbo.

Sasa nataka uangalie lile gitaa la bendi lililopasuka mwili. Shingo yake imebeba nyuzi kwa miaka, imekwisha kujikunja inavyotaka kujikunja, freti zake zimepangwa na kiwanda, na funguo zake unazijua. Chonga mwili wako wa mninga, uuchimbie mfuko wa kuipokea shingo hiyo, na uifunge kwa skrubu nne. Mfuko uwe umebana kiasi kwamba ukiinua gitaa kwa shingo kabla ya skrubu, mwili hauanguki. Hapo utakuwa umetengeneza gitaa kweli, na utakuwa umeondoa hatari kubwa kuliko zote. Shingo yako ya mninga na mkongo ichongwe bila haraka, ikaushwe kama fundi alivyosema, na ikiwa tayari baada ya mashindano utafungua skrubu nne na kuibadilisha.

---

Besi wa Kigamboni alijibu:

Naheshimu maneno ya mzee wangu hapo juu, na wazo la kutumia shingo ya zamani naliunga mkono kwa dhati. Nina tofauti naye katika jambo moja. Sidhani kwamba mashindano ni mahali pa kuogopa kupeleka kitu kipya. Bendi za ridhaa huingia mashindanoni ili kukua, na tarehe ya mchujo itamfanya ndugu yetu amalize kazi ambayo bila tarehe ingebaki chini ya kitanda kwa miaka.

Ninachokishauri ni kwamba uamuzi usiwe wa mpigaji peke yake. Wekeni makubaliano mapema: gitaa lianze kutumika mazoezini kwa siku ambayo bendi nzima imeikubali, lipigwe mazoezi yote kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, katika joto lile lile la ukumbi na jasho lile lile la mikono, na mtu mwingine asiye mpigaji awe na mashine ya kupima noti na aangalie baada ya kila wimbo. Likihitaji kukazwa katikati ya mazoezi, liende jukwaani kama la akiba. Lisipohitaji, liende kama la kwanza, na lile la kuazima likae nyuma yako likiwa limekwisha kukazwa. Mimi nikipiga besi ningejisikia salama zaidi na mwenzangu mwenye magitaa mawili kuliko mwenye moja, hata likiwa la bei gani.

---

Fundi Mitambo wa Tabata alijibu:

Kaka Ridhimu, naona wote wamezungumzia mbao, na hakuna aliyegusa umeme. Mimi ni dada ninayeendesha mitambo ya sauti katika shughuli na matamasha madogo hapa mjini, na karibu kila wikendi nakutana na magitaa ambayo yameungwa vizuri kwa mikono mizuri ya seremala lakini yanaunguruma.

Mngurumo huo una chanzo kinachojulikana. Koili zilizo chini ya nyuzi ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara kuzunguka sumaku, na kazi yake ni kunasa mabadiliko ya usumaku yanayoletwa na mtetemo wa nyuzi. Koili hiyo hiyo hunasa pia umeme wa gridi, ambao hapa nchini ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kutoka kwenye taa, jenereta na transfoma za vikuza sauti. Koili moja peke yake haina namna ya kujitetea. Mwaka 1955 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitengeneza jozi ya koili mbili zilizozungushwa kinyume na zenye sumaku zinazokinzana, ili mngurumo wa moja uufute ule wa nyingine huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Kwa ridhimu ya dansi unataka sauti nyembamba na yenye kung'ara, na koili moja ndiyo inayoitoa vizuri, kwa hiyo pendekezo langu ni koili mbili za kawaida ambazo ya pili imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Ukiziwasha zote pamoja, mngurumo unapotea. Kwa koili za namna hiyo tumia vidhibiti vya sauti vya kilo-ohmu 250.

Shimo lote la nyaya ulifunike kwa karatasi ya shaba au ya alumini, vipande vyote vigusane, na viungwe kwenye waya wa chini, yaani wa ardhi. Vilevile daraja liungwe kwenye waya wa chini, ili mikono yako inapogusa nyuzi kelele zipungue.

Hapo sasa ndipo panahitaji uangalifu wa hali ya juu. Kwa kuwa nyuzi zako zimeungwa na waya wa chini wa kikuza sauti, mwili wako umeungwa pia. Kikuza sauti kikiwa na hitilafu, au mtu akiwa amekata mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye tundu la miguu miwili, nyuzi zinaweza kuwa na umeme bila wewe kujua, hadi midomo yako itakapogusa kipaza sauti. Les Harvey, mpiga gitaa wa Uskochi, alifariki namna hiyo jukwaani mjini Swansea mwezi wa Mei 1972. Katika kumbi zetu zinazotumia jenereta hatari hiyo ni ya kweli. Kabla ya kupiga, weka mita ya umeme kwenye upande wa volti za mkondo geu, gusisha ncha moja kwenye uzi na nyingine kwenye wavu wa kipaza sauti. Ikisoma volti kadhaa au zaidi, usiimbe na usiruhusu mtu kuimba hadi chanzo kipatikane. Mwambie pia mwenye ukumbi aweke kwenye laini ya jukwaa kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme unapovuja. Ukiona anakusumbua, mwambie ni sharti la bendi.

---

Ridhimu wa Mbagala alijibu:

Shikamoo mzee wangu wa Magomeni, shikamoo fundi wa Keko. Mwalimu, dada wa mitambo, na ndugu yangu wa Kigamboni, nawashukuru kwa moyo wote. Nimechapisha majibu yenu na kuyapeleka mazoezini, tukayasoma pamoja.

Tumekubaliana hivi. Nitachonga mwili wa mninga na kuufunga shingo ya lile gitaa lililopasuka, na bendi imenikabidhi shingo hiyo rasmi. Gitaa litaingia mazoezini mwanzoni mwa Juni, na mpiga ngoma wetu ndiye atakayeangalia mashine ya noti baada ya kila wimbo. Lile la kuazima litakuwa nyuma yangu jukwaani bila kujali matokeo ya mazoezi. Shingo mpya nitaianza kwa kuikausha tu mwaka huu, na ubao wa freti utakuwa wa mkongo. Mpingo nitauweka akiba kwa ajili ya gitaa la pili, kwa sababu siwezi kusema uongo, bado nautamani. Suala la mita ya umeme tumelifanya kuwa kazi ya mwimbaji wetu kiongozi, kwa kuwa midomo yake ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Limebaki jambo moja ambalo sikulipatia jibu. Mfuko wa shingo wa kina cha milimita 16 na mashimo ya koili nitayachimbaje bila rauta, na rangi niipake lini? Mvua za masika zimeanza huku kwetu.

---

Seremala wa Keko alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Mfuko unachimbika kwa keekee na patasi, na watu walichimba namna hiyo kabla ya mashine kufika. Chora mipaka kwa kisu, si kwa penseli. Funga alama ya utepe kwenye ncha ya keekee kwa kina cha milimita 14, toboa matundu yaliyokaribiana ndani ya mipaka, kisha ondoa kuta kwa patasi pana iliyonolewa vizuri, na milimita mbili za mwisho uzishushe kwa mkono huku ukijaribu shingo kila mara. Sakafu ya mfuko lazima iwe bapa. Ikiinama hata kidogo, urefu wa nyuzi juu ya freti utabadilika sana kule mwishoni, na daraja huenda lisiweze kulifidia jambo hilo. Ukiona mkono haujatulia, niletee karakana Jumamosi, nina rauta, na tutatengeneza kwanza kiolezo cha mbao laini ambacho mashine itakifuata.

Kabla ya kuja, usiurande ubao hadi unene wa mwisho. Uache na milimita tatu au nne za ziada, ukate umbo la gitaa, kisha uuache usimame wima ukutani kwa wiki moja, pande zote mbili zikipata hewa. Mbao ya zamani ikifunguliwa inaweza kujinyoosha au kujipinda kidogo, na ni bora ifanye hivyo kabla hujachimba mfuko. Ukisharidhika, ndipo tuushushe hadi milimita 45.

Kuhusu rangi, usipulize laka wakati wa masika. Unyevu hunaswa ndani yake inapokauka na kuacha utando mweupe kama ukungu, na kuuondoa ni kazi kubwa kuliko kupaka. Kwa sasa paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabisa kabla ya inayofuata, na vile vitambaa vyenye mafuta uvitandaze nje vikauke; usivikunje na kuvirundika ndani, kwa sababu hujipasha joto vyenyewe na kuweza kuwaka. Gitaa litapigika Juni likiwa na mafuta hayo. Ukitaka laka inayong'aa, tutaisubiri hadi mashindano yaishe. Njoo na shingo yenyewe, pamoja na skrubu zake nne za zamani.